Shuti Tunalikumbuka, Mchezo Tumeusahau

Bandugu wahitimu na wanafunzi, leo siandiki juu ya mbegu wala juu ya bei ya maharagi. Ninaandika juu ya basketi, na wale wanaonifahamu hapa Iga Barrière watacheka mbele ya kumaliza mstari huu. Wacheke tu. Tutafika pale.

Jumapili iliyopita, saa za jioni, nilikuwa pale tunapochajisha simu, karibu na barabara kubwa. Wachimbaji wa dhahabu walikuwa wanarudi, watu wa moto walikuwa wanatafuta wateja wa mwisho wa kwenda Bunia, na sisi watu kama kumi tulikuwa tumeketi juu ya ubao mrefu tukingoja betri zijae. Mabishano yalikuwa yale yale ya kila Jumapili: shuti gani ni kubwa kuliko yote?

Kijana mmoja, mwanafunzi wa sheria, alisema: Jordan, 1998, fainali na Utah Jazz, mchezo wa sita. Akaeleza kama mtu aliyekuwa ameketi chini ya kikapu. Chicago iko nyuma kwa pointi moja. Jordan anamnyang'anya Karl Malone mpira. Anapanda nao pole pole. Bryon Russell amesimama mbele yake. Jordan anaingia kuumeni, anakata, Russell anateleza, shuti! Zimebaki sekunde 5.2. Chicago 87, Utah 86. Ubingwa wa sita.

"Alimusukuma!" mwingine akaruka. "Ile mukono yake ya kushoto uliiona? Alimusukuma Russell ku kiuno. Ile ni kosa!"

"Haiko kosa. Russell alianguka yeye peke yake."

"We ulikuwaka pale?"

Swali zuri sana. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa pale. Mchezo ule ulichezwa tarehe 14 Juni 1998. Mimi nilikuwa bado wa kubebwa mgongoni, na yule wa sheria hakuwa amezaliwa. Miezi miwili haikuisha, vita nyingine ikaanza katika nchi yetu, na wazazi wetu walikuwa na mambo mengine ya kutazama. Lakini sisi tunabishana juu ya mkono wa Jordan kama tuliuona kwa macho yetu.

Mabishano yakaendelea. Mmoja akataja Ray Allen, 2013, shuti la kona lililookoa Miami mbele ya San Antonio. Mwingine akataja Kawhi Leonard, 2019, ule mpira wa Toronto uliodunda mara nne juu ya chuma mbele ya kuingia, Philadelphia wakalia. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mzee wetu katika kikundi kile, alikuwa ananyamaza tu. Mwishoni akasema: "Nyinyi batoto, mnasahau Mutombo amelala chini na mupira." Wote tukanyamaza kwa heshima. Kisha kijana wa mwisho wa ubao akasema: "Na Kuminga je? Yule ni wa hapa kwetu, wa Goma. Alichukua ubingwa na Golden State 2022." Tukapiga makofi kidogo.

Ndipo mimi nikafungua kinywa nitoe maoni. Hawakuniacha.

"Agronomu, we unyamaze. We njo Ehlo yetu!"

Wakacheka mpaka mwenye kioski akatoka kuangalia kuna nini.

Kwa wale wasiojua: tarehe 7 Mei 1989, Chicago ilicheza na Cleveland mchezo wa tano, mchezo wa kufa na kupona. Sekunde za mwisho Jordan aliruka, na Craig Ehlo akaruka naye. Ehlo akashuka, Jordan akabaki hewani, halafu akaachilia mpira. 101 kwa 100. Picha ya Jordan akirusha ngumi hewani ilizunguka dunia nzima. Ehlo alianguka chini, na tangu siku ile jina lake likawa jina la mtu aliyefungwa. Mimi pia, katika kiwanja chetu hapa, mwaka 2016, niliruka na mtu, nikaanguka, yeye akafunga. Hiyo ndiyo kazi ninayojulikana nayo Iga, hata kama niko na diploma ya lisansi katika kilimo.

Nimekwenda nyumbani na kicheko kile masikioni. Sikukasirika. Lakini nilianza kujiuliza kitu ambacho ndicho ninataka kusema leo: namna yetu ya kukumbuka mchezo iko na kasoro. Tunashika sekunde mbili za mwisho na jina la aliyeshinda. Yote mengine tunayatupa. Na mtu anayekumbuka namna hiyo, mimi nasema hakumbuki mchezo.

Mniruhusu niongee kidogo kama agronomu. Mkulima asiyeandika kitu, ukimwuliza msimu wake ulikuwa namna gani, atakuambia siku ya kuvuna tu: magunia yalikuwa mengi, au hayakuwa. Mvua ilianza lini? Hajui. Alipalilia mara ngapi? Hakumbuki. Mbegu zilitoka kwa nani? Amesahau. Kwa hiyo mwaka unaofuata anarudia makosa yale yale, na kama amevuna vizuri hajui ni kwa sababu gani. Ndiyo maana chuoni walitusumbua sana na daftari ya shamba. Kuvuna ni siku moja. Msimu ni miezi.

Sasa, nani alitufundisha kukumbuka siku ya kuvuna peke yake? Mimi ninaona mwalimu mmoja mkubwa: ile filamu ya vipindi kumi, The Last Dance. Karibu wote pale kwenye ubao tumeiona. Imetembea hapa kwa flashi, kutoka simu mpaka simu. Jason Hehir ndiye aliyeitengeneza, na ilitoka mwezi wa Aprili na Mei 2020, wakati corona imefunga viwanja na dunia nzima haina mchezo wa kutazama. Watu walikuwa na njaa ya basketi, wakapewa Chicago ya 1998. Ilifika saa yake kabisa.

Sisemi ni filamu mbaya. Ni nzuri, na niliitazama mara mbili. Walikuwa na picha zilizochukuliwa ndani ya timu msimu mzima wa 1997-98: ndani ya basi, ndani ya chumba cha kuvalia, mahali ambapo kamera haiingiaka. Na iko na kipande kimoja ambacho kwangu ndicho bora kuliko vyote. Ni kile cha Steve Kerr. Fainali ya 1997, mchezo wa sita, Jordan anazungukwa na watu wa Utah, anamtupia Kerr mpira, Kerr anafunga, Chicago bingwa. Lakini filamu haiishii pale. Inarudi nyuma mpaka Beirut, 1984, ambako baba yake Kerr, Malcolm Kerr, aliyekuwa mkuu wa chuo kikuu cha Wamarekani, aliuawa kwa risasi. Ghafla lile shuti linakuwa na mtu nyuma yake. Unamwona kijana wa miaka 18 anapokea simu ya msiba. Hapo filamu ilifanya kazi niliyokuwa naitafuta.

Shida ni kwamba kazi hiyo wanaifanyia wachache. Jordan ameketi kwenye kiti chake, wanampa tableti aangalie wapinzani wake wanasema nini, naye anacheka. Gary Payton anaeleza namna alivyomsumbua katika fainali ya 1996, Jordan anacheka sana, basi, hoja ya Payton imekufa pale pale. Neno la mwisho kila mara ni la mshindi. Na si ajabu, juu kampuni ya Jordan mwenyewe ilishiriki katika kuitengeneza. Scottie Pippen, aliyekuwa mkono wake wa kuume miaka yote ile, hakufurahi namna alivyoonyeshwa, na mwaka 2021 akatoa kitabu chake kusema upande wake.

Na Ehlo? Ndani ya filamu ile, Ehlo ni kosa la kocha. Jordan anasema aliyefaa kumkaba alikuwa Ron Harper. Imeisha hivyo. Sasa sikilizeni kitu ambacho ubao mzima pale kwenye kioski haukukijua. Siku ile Ehlo alikuwa amefunga pointi 24. Na kikapu kilichoiweka Cleveland mbele, zikiwa zimebaki sekunde tatu, ni Ehlo mwenyewe aliyekifunga! Kama Jordan angekosa, picha iliyozunguka dunia ingekuwa ya Ehlo. Tena msimu ule Cleveland ilikuwa imeifunga Chicago mara sita kwa sita. Ukijua hayo, lile shuti linakuwa kubwa zaidi, halipungui. Unaelewa kwa nini Jordan alirusha ngumi vile. Kumfuta Ehlo ni kumpunguza Jordan pia. Hilo ndilo wapenzi wa mchezo hatulioni.

Najua mtaniambia: "Agronomu, hiyo ni filamu ya Wamarekani. Sisi wetu tunawakumbuka vizuri." Kweli? Tuangalie.

Tuanze na Mutombo. Ile picha mnaijua: amelala chali, ameshika mpira juu ya uso kwa mikono miwili, anacheka na kulia pamoja. Ni 7 Mei 1994, tarehe ile ile ya Ehlo, miaka mitano baadaye. Denver ilikuwa ya nane katika upande wake. Seattle ilikuwa ya kwanza, na ushindi 63 msimu ule, kuliko timu zote. Hakuna timu ya nane iliyowahi kumtoa wa kwanza. Seattle ilishinda michezo miwili ya mwanzo. Moja zaidi, na kwisha. Denver ikashinda tatu mfululizo, ya mwisho kulekule Seattle, katika dakika za nyongeza, 98 kwa 94.

Hiyo ndiyo siku ya kuvuna. Lakini katika michezo ile mitano Mutombo alizuia mashuti 31. Thelathini na moja! Tukibishana juu ya mashuti makubwa, tunasahau kwamba Mkongomani aliye mkubwa kuliko wote katika mchezo huu alikuwa mkubwa kwa mashuti ambayo hayakuingia. Katika maisha yake yote ya NBA alizuia 3,289, na ni Hakeem Olajuwon wa Nigeria peke yake aliyempita. Mara nne alichaguliwa kuwa mkabaji bora wa mwaka. Kazi yake ilikuwa kufanya jambo lisitokee. Na jambo lisilotokea halina wimbo. Robert Pack, LaPhonso Ellis, Brian Williams, waliokuwa naye siku ile: nilitaja majina hayo kwenye ubao, hakuna aliyeyajua. Mutombo alipofariki tarehe 30 Septemba 2024, kila simu hapa Iga ilikuwa na picha yake ya kidole. Hospitali aliyoijenga Kinshasa kwa jina la mama yake iliandikwa kwa watu wachache.

Sasa nije kwa jambo linaloniuma zaidi. Tunapoongea juu ya upinzani wa zamani, tunataja Chicago na Detroit, Lakers na Boston. Mnajua upinzani mkubwa wa basketi ambao nchi yetu yenyewe ilikuwa ndani? Ni Zaire na Senegal, na waliocheza ni wanawake.

Chukueni hesabu hii. Kutoka 1974 mpaka 2000 kulikuwa na mashindano 12 ya ubingwa wa Afrika ya wanawake. Senegal ilichukua tisa. Zaire ilichukua tatu: 1983, 1986 na 1994. Tisa na tatu ni kumi na mbili. Maana yake kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano hakuna nchi nyingine iliyogusa kombe lile. Senegal 1981, Zaire 1983, Senegal 1984, Zaire 1986. Senegal 1993, Zaire 1994. Hawa wanachukua, wale wananyang'anya. Kama ingekuwa ni Lakers na Boston, tungekuwa tunakariri kila shuti. Jumapili ile niliuliza: nani anaweza kunitajia mwanamke mmoja tu wa Zaire aliyecheza basketi? Watu kumi, wahitimu na wanafunzi, hakuna jibu. Mmoja alisema, "Banamuke banachezaka basketi?" Na dada yake anacheza! Ninamfahamu.

Basi nitawatajia mmoja. Mwadi Mabika, aliyezaliwa Kinshasa 1976. Mwaka 1996 alikuwa katika timu ya Zaire iliyokwenda Olimpiki Atlanta. Walipigwa michezo yote. Marekani iliwafunga 107 kwa 47. Mtu anayehesabu vikombe tu atafunga kitabu pale. Lakini mwaka uliofuata ligi ya wanawake ya Marekani, WNBA, ilianza, na Mabika alikuwamo tangu msimu ule wa kwanza, katika Los Angeles Sparks. Akachukua ubingwa 2001, akachukua tena 2002. Mara mbili alichaguliwa kucheza na nyota wote wa ligi. Na kama mnataka shuti, fainali ya 2002 iliamuliwa na shuti la pointi tatu la Nikki Teasley katika sekunde za mwisho, na Mkongomani alikuwa na jezi ile ile. Ubingwa wa Marekani mara mbili, miaka ishirini mbele ya Kuminga!

Na kuna uzi mmoja unaounganisha hayo yote. Timu ile ya wanawake ya 1996, jezi na gharama zake nani alilipa? Mutombo. Yule yule wa kulala chini na mpira. Alitoa pesa yake ili dada zake wavae vizuri mbele ya dunia. Hakuna picha ya kitendo hicho inayozunguka kwenye simu zetu. Kwangu mimi, ukiniambia nichague kati ya ile picha ya Seattle na siku aliyolipa zile jezi, nitachelewa kukujibu.

Mwalimu, niliposema hayo Jumapili, alinijibu vizuri, na ni lazima nitoe jibu lake hapa. Alisema: "Agronomu, wacha watu. Hapa kwetu wamechoka. Mutu anatoka ku kazi, anataka kuongea juu ya Jordan dakika kumi, afurahi, alale. Unataka kumupatia tena masomo?"

Iko sawa. Na nitaongeza kitu upande wake. Hapa Djugu kukumbuka nani alimpiga nani si jambo la kucheza. Tangu mwisho wa 2017, na hata miaka ya nyuma zaidi, kila upande uko na hesabu yake, na kila hesabu inaanza siku ile ambayo yeye mwenyewe alipigwa. Kwa hiyo ubao ambao juu yake watu wa kila upande wanaketi pamoja, mmoja anamtetea Russell, mwingine anamtetea Jordan, wanapiga kelele, halafu kila mtu anachukua simu yake iliyojaa na kusema "tutaonana kesho", ubao ule ni mali. Siutaki uvunjike. Kama kuna mahali watoto wa Iga wanajifunza kwamba unaweza kushindwa na kesho ukarudi kuketi pale pale, ni pale.

Lakini ndiyo maana hasa ninasisitiza. Kama katika mchezo, mahali ambapo hatupotezi kitu, tumezoea kumsikiliza mshindi peke yake na kumcheka aliyeanguka, tutafanya namna gani katika mambo mazito, ambamo kila mtu analilia wake? Kumwuliza Ehlo aliona nini ni zoezi dogo. Asiyeweza zoezi dogo asijidanganye kwamba ataweza mtihani.

Basi nimefanya zoezi hilo kwa upande wangu. Na limenishinda pia, mtaona.

Ni likizo ya 2016. Kiwanja kilikuwa cha udongo, chuma cha kikapu kilitengenezwa na mchomeleaji kutoka vyuma vya zamani, ubao wa nyuma ni mbao nne. Timu mbili: vijana wa juu ya barabara na vijana wa chini. Mimi wa chini, miaka 19. Pointi ziliandikwa kwa makaa kwenye ukuta. Mwisho kabisa, mwamuzi anahesabu sekunde kwa sauti, tisa, nane, saba, mpira uko kwa kijana mmoja wa juu, anayetumia mkono wa kushoto. Akafanya kama anaruka. Mimi nikaruka kweli. Yeye akangoja. Nikashuka, mguu ukateleza, nikaanguka na mgongo. Akashuta kwa utulivu kama mtu anayetundika nguo. Ukaingia. Watu wakajaa kiwanjani. Miaka minne waliniita Mugongo. Filamu ilipofika, wakabadilisha, wakaniita Ehlo.

Yule kijana, mwanzoni mwa 2018, aliondoka na familia yake. Walivuka ziwa Albert kwa mtumbwi mpaka Uganda, kama watu wengi wa kwetu mwaka ule. Hajarudi. Tunaandikiana mara moja moja, salamu za mwaka mpya, pole ya msiba. Juu ya shuti lile hatukuwahi kuongea.

Jumatatu nilimtumia sauti kwenye simu. Nikamwuliza: ndugu yangu, ile siku ya 2016, wewe unakumbuka nini?

Alijibu siku ya pili. Kwanza alicheka. Kisha akasema hivi: "Mi nakumbuka viatu. Cha kwangu kilipasuka kipande cha pili, na we ulikuwa nje unapumuzika. Ukanivulisha vya kwako ukanipa. Halafu kocha wenu akakuita uingie, ukaingia miguu wazi. Ndio juu uliteleza. Mi nilishuta na viatu yako, yaya. Ile kitu niliwazaka sana huku kambini."

Nimesikiliza sauti ile mara nyingi. Wallahi, mimi nilikuwa nimesahau. Miaka yote hii ninachekwa, ninacheka nao, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeshika kile kile wanachoshika wao: shuti na mgongo chini. Nikamwuliza mwalimu kama ni kweli. Alisema hakumbuki viatu, anakumbuka tu nilivyolia. Sikulia! Au nililia. Sijui tena. Labda yule ndugu ananitia moyo kwa sababu yuko mbali na anatupenda. Na pointi? Mwalimu anasema 31 kwa 30. Yeye kule Uganda anasema 29 kwa 28. Ukuta ulipakwa rangi zamani.

Kwa hiyo nimechukua daftari yangu ya shamba, ile ya mahindi ya msimu huu. Nyuma ya ukurasa wa palizi nimeandika tarehe, timu mbili, majina ya wote kumi niliyoweza kukusanya, na hesabu zote mbili, ya mwalimu na ya ndugu yule, moja chini ya nyingine, bila kufuta hata moja. Nimeandika jina la mchomeleaji. Nimeandika pia majina ya wasichana waliocheza mbele yetu siku ile ile, kwa maana kulikuwa na mchezo wao, na hakuna anayeuongelea. Wawili bado wako hapa sokoni. Wiki hii nitawauliza nani alishinda.

Nanyi mnaosoma, kama mko na mama mdogo au shangazi aliyecheza basketi au handboli Bunia, Mongbwalu, Mahagi, Kisangani, mwulizeni mbele hajasahau. Andikeni hata kwenye karatasi ya kufungia chumvi.

Viatu vyangu hakunirudishia. Hiyo pia nimeandika.